Kama elektroni inavutwa na kiini, kwa nini haidondoki?

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tano, PCM. Tumefundishwa protoni ina chaji chanya, elektroni chaji hasi, na chaji tofauti zinavutana. Sasa elektroni inashindwa nini kudondoka kwenye kiini? Darasani tumeambiwa haidondoki kwa sababu inazunguka kwa spidi kama dunia na jua, ila nimesoma mahali kwamba hiyo sio sahihi. La pili, kama atomu karibu yote ni tupu, mbona mkono wangu haupiti kwenye meza? Na kwenye mtihani niandike nini?"

Marahaba mwanangu. Hayo mawili ya kwanza utaona mbele yanajibiwa na kitu kimoja, na nitakwenda kwa urefu kwa sababu hili ndo swali lililowasumbua wanafizikia wakubwa kabisa kuanzia 1911 mpaka karibu 1926, kwahiyo usidhani umeuliza kitu cha kitoto.

Tuanze na spidi. Habari ya dunia na jua yenyewe iko sawa, dunia inavutwa muda wote na kweli inaanguka kuelekea jua, ila ina mwendo wa pembeni kwahiyo inalikosa jua siku zote, na huko kulikosa ndo tunaita mzingo. Tatizo ni kwamba elektroni ina chaji. Kitu chenye chaji kikibadili mwendo wake, iwe ni spidi au uelekeo, kinatoa mawimbi ya sumakuumeme, na hili halina mjadala kwa sababu redio zote zinafanya kazi hivyo: kule juu ya mnara kuna elektroni zinasukumwa mbele na nyuma ndani ya antena, zinatoa mawimbi, na nishati ya hayo mawimbi inatoka kwenye umeme ambao kituo kinalipia. Sasa elektroni inayozunguka kiini inabadili uelekeo kila nukta ya muda, maana yake ingepaswa kutoa mawimbi bila kupumzika, ikitoa inapoteza nishati, ikipoteza nishati mzingo unapungua, mzingo ukipungua inazunguka haraka zaidi na kutoa mawimbi mengi zaidi, mpaka imalizikie ndani ya kiini. Ukipiga hesabu hiyo kwa haidrojeni kwa kutumia fizikia ya zamani unapata muda wa kama sekunde 0.000000000016. Hicho ndo kingekuwa kipindi chote cha maisha ya atomu. Kwahiyo jibu la spidi linakufa hapohapo, na ulichosoma kilikuwa sahihi.

Na waliokuwepo wakati huo walilijua hilo. Picha ya kiini ilitoka Manchester, Uingereza, ambako mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden (Marsden alikuwa bado mwanafunzi) walikuwa wanarusha chembe za alfa (chembe nzito zenye chaji chanya) kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu, nyingi zikapita kama vile hakuna kitu, chache sana zikarudi zilikotoka. Bosi wao Ernest Rutherford akakaa na hayo matokeo, na mwaka 1911 akaandika kwamba masi karibu yote ya atomu imekusanyika sehemu moja ndogo mno katikati. Kwenye makala ileile akasema suala la uthabiti wa atomu ya namna hiyo halina haja ya kujadiliwa kwa wakati huo. Naheshimu sana sentensi hiyo. Ushahidi ulimwonesha kiini kipo, akakisema, na swali alilokuwa hana jibu lake akaliacha wazi watu waone.

Akaja Niels Bohr, kijana kutoka Denmark aliyekuwa amepita kwenye maabara ya Rutherford mwaka 1912, na 1913 akatoa wazo ambalo nina uhakika unalo kwenye notsi zako: elektroni inaruhusiwa mizingo fulani tu, na ikiwa kwenye hiyo mizingo haitoi mawimbi, inatoa mwanga pale tu inaporuka kutoka mzingo wa juu kwenda wa chini. Likakubali kwenye namba kwa namna ya kushangaza, mistari ya mwanga wa haidrojeni ambayo Johann Balmer alikuwa ameipatia fomula tangu 1885 bila mtu kujua inatoka wapi, ikatoka yenyewe kwenye hesabu za Bohr. Na hilo la atomu kutoa rangi zake maalum unaweza kuliona nyumbani leo jioni, chukua chumvi chembe chache tu, nyunyiza kwenye moto wa bluu wa jiko la gesi, utaona moto unawaka njano. Hiyo ni sodiamu ndani ya chumvi, njano yake ina urefu wa wimbi wa nanomita 589, na sodiamu ya Moshi na sodiamu ya Mombasa na sodiamu iliyoko kwenye nyota zote zina njano hiyohiyo. Kama elektroni ingekuwa inateremka polepole kuelekea ndani kama hesabu ya zamani inavyodai, rangi ingekuwa mchanganyiko unaoteleza, usingepata njano moja iliyosimama pale pale.

Ila angalia Bohr amefanya nini hasa. Amesema kudondoka kumekatazwa. Kwa nini kumekatazwa, hajasema. Na baadaye ikaonekana picha yake ina kosa kubwa zaidi: yeye alidhani elektroni ya haidrojeni kwenye ngazi ya chini kabisa ina mzunguko, yaani ina momenta ya kuzunguka, wakati thamani yake halisi kwenye ngazi hiyo ni sifuri. Haizunguki kabisa! Kwahiyo hata ukitaka kuitetea hadithi ya sayari, kwenye atomu rahisi kuliko zote hakuna mzunguko wa kuutetea.

Sasa jibu lenyewe. Mwaka 1924 Louis de Broglie wa Ufaransa aliandika kwenye tasnifu yake kwamba chembe kama elektroni ina tabia ya wimbi, na kadiri momenta yake (masi mara kasi) ilivyo kubwa ndivyo wimbi lake linavyokuwa fupi. Mwaka 1927 ikathibitishwa pande mbili, Davisson na Germer kule Marekani waliporusha elektroni kwenye fuwele ya nikeli zikatawanyika kwa mpangilio wa mawimbi, na George Thomson kule Aberdeen, Scotland, akaona kitu hichohicho kwa njia nyingine. Huyu George ni mtoto wa J.J. Thomson aliyegundua elektroni mwaka 1897, baba akapewa Nobeli 1906 na kila mtu anamkumbuka kwa kuonesha elektroni ni chembe, mtoto akapewa 1937 kwa kuonesha ni wimbi, na wote wawili walikuwa sahihi.

Ukishakubali elektroni ni wimbi, fikiria kuibana kwenye nafasi ndogo. Wimbi likibanwa lazima lifupike, likifupika momenta inapanda, momenta ikipanda nishati mwendo inapanda. Hakuna namna ya kuiweka elektroni sehemu ndogo huku imetulia. Heisenberg aliliweka hili kwenye kanuni yake ya 1927, ila wewe shika neno moja tu, kubanwa kunagharimu nishati mwendo. Na gharama yenyewe inapanda kwa mraba, ukipunguza nafasi mara mbili nishati mwendo inapanda mara nne, ukipunguza mara tatu inapanda mara tisa. Upande wa pili kuna mvuto wa kiini, ambao ndo unaitaka elektroni ije karibu, lakini nishati tuli (nishati inayotokana na mahali elektroni ilipo) inashuka kwa kawaida tu, nafasi ikipungua mara mbili inashuka mara mbili, mara tatu inashuka mara tatu.

Weka namba uone, na tafadhali zipige na wewe kwenye karatasi. Kipimo tunachotumia ni elektroni-volti, yaani nishati inayopata elektroni ikipita kwenye volti moja. Haidrojeni ya kawaida ina nusu kipenyo cha kama pikomita 53 (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Hapo nishati mwendo ni 13.6 na nishati tuli ni -27.2, jumla -13.6. Sasa jaribu kuisogeza elektroni ndani, iwe nusu ya hapo. Nishati tuli inakuwa -54.4, kiini kimefurahi, lakini nishati mwendo nayo imepanda mara nne imekuwa 54.4, jumla sifuri, faida yote imeliwa. Isogeze mpaka theluthi, tuli -81.6, mwendo 122.4, jumla +40.8, yaani sasa ni wewe unayetakiwa uongeze nishati kutoka nje ili tu kuishikilia pale. Upande mwingine, ipanue mara mbili ya kawaida: mwendo 3.4, tuli -13.6, jumla -10.2, ambayo nayo iko juu kuliko -13.6. Kwahiyo ukienda ndani nishati inapanda, ukienda nje inapanda, na ile pikomita 53 ndo bonde lenyewe. Ukubwa wa atomu haukupangwa na mtu, ni mahali ambapo hizi gharama mbili zinakutana, na kwa kuwa moja inaenda kwa mraba na nyingine haina mraba, ukienda ndani vya kutosha gharama ya kubanwa lazima ishinde.

Na suala la mawimbi? Kutoa mwanga ni kutoa nishati, na ukiwa kwenye ngazi ya chini kabisa huna ngazi nyingine ya kushukia, hivyo huna cha kutoa. Halafu wingu la elektroni kwenye ngazi hiyo halibadiliki kadiri muda unavyoenda, liko vilevile sasa na baadaye, hakuna chaji inayotikiswa kama kwenye antena. Elektroni ikiwa ngazi ya juu, hapo kweli inashuka na kutoa mwanga, ndo ile njano ya chumvi.

Mtu makini hapa atauliza, tutajuaje kwamba ndo sababu na sio hesabu zilizopangwa ili zikubali? Swali zuri, na jibu lake nalipenda kuliko sehemu zote za somo hili. Kama ukubwa wa atomu unatokana na gharama ya kubanwa, basi ukiiondoa elektroni ukaweka chembe nzito zaidi yenye chaji ileile, atomu lazima isinyae, kwa sababu chembe nzito ikibanwa kwa kiasi kilekile inalipa nishati mwendo ndogo. Chembe hiyo ipo, inaitwa muoni, ina masi mara 207 ya elektroni, inaishi wastani wa mikrosekunde 2.2 tu halafu inavunjika, lakini huo muda unatosha kabisa kuikamatisha kwenye protoni. Na atomu inayopatikana ni ndogo mara 186 kuliko haidrojeni ya kawaida (haifiki 207 kwa sababu protoni yenyewe nayo sio nzito kupita kiasi, inashiriki kwenye mwendo). Kwenye taasisi ya Paul Scherrer huko Uswisi wametumia hizo atomu ndogo kupima ukubwa wa protoni, na matokeo waliyotoa 2010 yalionesha nusu kipenyo cha kama femtomita 0.84 (femtomita elfu moja ndo pikomita moja). Yaani nadharia hiyohiyo inayokwambia kwa nini elektroni haidondoki imegeuzwa kuwa rula ya kupimia kiini.

Sasa nikwambie kitu ambacho shuleni hakisemwi sana: elektroni inafika kwenye kiini. Wingu la haidrojeni ni zito zaidi pale pale katikati, na kuna uwezekano, mdogo sana lakini sio sifuri, wa kuikuta elektroni ndani ya protoni kabisa. Inapita. Haigandi humo, kwa sababu kani inayoshikilia protoni na nyutroni pamoja elektroni haiijui kabisa, na mvuto wa umeme peke yake hauna gundi. Ili imezwe kweli inabidi protoni na elektroni zigeuke kuwa nyutroni moja, na nyutrino (chembe nyepesi mno isiyo na chaji) itoke. Hesabu ya nishati inakataa, nyutroni ni nzito kuliko protoni na elektroni kwa pamoja, pengo lao ni kama elektroni-volti 782,000, na haidrojeni haina pa kuzitoa. Tena nyutroni ukiiacha peke yake nje ya kiini ndo inavunjika yenyewe kurudi kuwa protoni na elektroni, baada ya wastani wa dakika 15 hivi.

Ila kuna viini ambavyo hesabu inakubali, na hapo elektroni inadondoka kikweli kweli. Potasiamu-40 ni mojawapo. Ina protoni 19 na nyutroni 21, na karibu mara 11 kati ya 100 inapovunjika inafanya hivyo kwa kumeza elektroni yake ya ndani, protoni moja inageuka nyutroni, potasiamu inakuwa agoni-40 (hizo nyingine 89 zinakuwa kalisi). Nusu maisha yake, yaani muda wa nusu ya viini vyake kuvunjika, ni miaka bilioni 1.25, kwahiyo ni kazi ya taratibu mno, lakini potasiamu iko kwenye ndizi, kwenye maharage, kwenye mchicha na ndani yako wewe. Mwili wa mtu mzima wa kilo 70 una viini vya potasiamu-40 kama 4,000 na kitu vinavyovunjika kila sekunde, na kati ya hivyo zaidi ya mia nne vinavunjika kwa kumeza elektroni. Kila sekunde, mwanangu, hapo ulipo.

Na jambo hili limeandika historia ya nchi yetu. Mwaka 1959 Mary Leakey alikuta fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kule Oldupai, na swali likawa lina miaka mingapi, makisio ya wakati ule yakiwa chini ya milioni moja. Majivu ya volkano yaliyolala pale yana madini yenye potasiamu. Agoni ni gesi, mawe yakiwa yameyeyuka inatoroka yote, yakipoa na kuganda saa inaanza kuhesabu kutoka sifuri, kila elektroni inayomezwa inaacha atomu moja ya agoni imenaswa ndani ya fuwele haina pa kwenda. Ukipima agoni iliyonaswa ukalinganisha na potasiamu iliyobaki unapata umri. Mwaka 1961 Louis Leakey pamoja na Jack Evernden na Garniss Curtis wa chuo cha California kule Berkeley walitoa jibu, miaka milioni 1.75, na wataalamu wa mambo ya kale walishtuka. Kwahiyo mtu akikwambia elektroni haidondoki kwenye kiini kamwe, mwambie isingedondoka kamwe tusingeujua umri wa Oldupai kwa njia ile.

Tuje kwenye meza.

Kwanza ile namba ya utupu inapatikanaje. Watu wanachukua ukubwa wa kiini, wanalinganisha na ukubwa wa atomu (protoni femtomita 0.84, haidrojeni pikomita 53, tofauti ni zaidi ya mara 60,000 kwa nusu kipenyo), elektroni wanaihesabu kama nukta, halafu wanasema kilichobaki chote ni tupu. Kosa liko kwenye hiyo nukta. Nimetoka kukwambia elektroni ndani ya atomu ni wimbi lililotandaa nafasi yote ile, na ndo hilo hilo lililoipa atomu ukubwa wake. Hakuna chumba kitupu humo ndani ambamo elektroni inapitapita. Masi ndo imerundikana katikati, hilo ni kweli kabisa, protoni peke yake ni mara 1,836 ya elektroni, lakini kusema masi iko katikati sio sawa na kusema pembeni hakuna kitu.

Utasikia pia mfano wa feni, kwamba panga zikizunguka haraka mkono haupiti, ndivyo elektroni inavyoziba atomu. Mimi siutumii. Panga la feni lina wakati liko upande huu na wakati liko upande ule, ukiwa na kitu chenye kasi ya kutosha unakipitisha katikati. Kwenye atomu hakuna wakati ambapo upande mmoja uko wazi unasubiri kupitwa.

Halafu kitu kuwa tupu au kimejaa inategemea nani anapita. Nyutrino kutoka kwenye jua zinapita kwenye ukucha wa kidole chako gumba kwa mabilioni kila sekunde, zinapita kwenye meza, zinapita kwenye dunia nzima upande wa pili zinatoka, kwa sababu hazina chaji na hakuna kitu humo zinachojali sana. Eksirei inapita kwenye nyama na kuzuiwa zaidi na mfupa. Mwanga wa kawaida unapita kwenye kioo unakataliwa na mbao, wakati mkono hauvuki chochote kati ya hivyo viwili. Atomu ni zilezile, utupu ni uleule, matokeo tofauti. Kwahiyo utupu sio unaoamua, kinachoamua ni kama huyo anayepita ana ugomvi na elektroni zilizomo au hana, na mkono wako una ugomvi nazo kwa sababu umejengwa kwa elektroni pia.

Wengi wanamalizia hapa kwa kusema elektroni hasi za mkono zinasukuma elektroni hasi za meza. Ni kweli lakini ni nusu ya maneno, kwa sababu mkono una viini chanya pia, meza pia, kwa jumla vyote viwili havina chaji. Tena vikiwa karibu sana bila kuingiliana vinavutana kidogo, na mjusi kafiri anayetembea juu ya dari usiku anaishi kwa mvuto huo huo mdogo kati ya vidole vyake na rangi ya ukuta. Kinachogeuza mvuto kuwa kuta ni kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925: elektroni mbili haziwezi kuwa kwenye hali moja ileile. Kwenye obito moja (nafasi moja ya wimbi la elektroni) zinaingia mbili tu, spini zake (sifa ya elektroni yenye pande mbili tu) zikiwa zimepingana, ya tatu itafute kwake. Unapobonyeza mkono kwenye meza mawingu ya elektroni yanaanza kuingiliana, nafasi za chini zimeshakaliwa zote pande zote mbili, kwahiyo elektroni zinalazimika kwenda hali za juu zaidi, wimbi linakunjika zaidi, nishati mwendo inapanda. Na nishati inayopanda ukikisogeza kitu ni nguvu inayokusukuma urudi. Umeona? Ni gharama ileile ya kubanwa iliyoizuia elektroni kudondoka, imekuja kwa mlango mwingine.

Hili halikubaki maneno tu. Mwaka 1967 Freeman Dyson na Andrew Lenard walithibitisha kihisabati kwamba vitu vya kawaida vinasimama imara kwa sababu ya kanuni ya Pauli, na Dyson akaonesha kwamba bila hiyo kanuni vitu vingejikunja kuwa kitu kidogo kizito mno, na kuvikutanisha vitu viwili vya kawaida kungeachia nishati ya kiwango cha bomu la atomiki. Tena ukiwa na uzito wa kutosha hata kuta hizi zinavunjwa: nyota kubwa ikimaliza kuni zake katikati yake inajibomokea, elektroni zinasukumwa kwa nguvu ndani ya protoni, lile pengo la 782,000 linalipwa na mvutano wa nyota yenyewe, na kinachobaki ni nyota ya nyutroni yenye masi zaidi ya jua letu ikiwa na upana wa kilomita 20 na kitu, unatembea kwa miguu siku moja unaizunguka nusu kama ingewezekana kusimama juu yake.

Na ile 2:8:8 ya kupanga elektroni kwenye atomu uliyoikariri kidato cha pili ni Pauli huyohuyo. Lithiamu ina elektroni tatu, mbili zimejaza obito ya ndani, ya tatu imekosa nafasi imekaa nje peke yake imeshikiliwa kidogo tu, ndo maana lithiamu inaitoa kirahisi. Sodiamu hivyohivyo, 2:8:1, ndo maana ukiitupa kwenye maji ina fujo. Bila Pauli elektroni zote za kila atomu zingejazana ngazi ya chini kabisa na kemia yote usingeiona.

Sasa mtihani, maana najua hilo ndo linakubana wiki hizi. Kwenye hesabu za haidrojeni tumia Bohr bila wasiwasi, ngazi zake za nishati ni sahihi: -13.6 gawanya kwa mraba wa n (n ni namba ya ngazi), kwahiyo ngazi ya pili ni -3.4, ya tatu ni -1.51, ukishuka kutoka ya tatu kwenda ya pili unatoa 1.89, huo ni mwanga mwekundu wa nanomita 656. Hizo maksi zako, zichukue. Ukiulizwa mapungufu ya modeli ya Rutherford andika kwamba elektroni yenye mchapuko ingetoa mawimbi, ikapoteza nishati na kuanguka kwenye kiini, na kwamba modeli haielezi kwa nini atomu zinatoa mistari ya mwanga badala ya rangi zilizoungana. Ukiulizwa mapungufu ya Bohr andika kwamba inafanya kazi kwa atomu yenye elektroni moja tu, heliamu inaishinda, na kwamba inaweka masharti bila kueleza yanatoka wapi. Ukichora mizingo kwa ajili ya 2:8:8 chora, ni njia nzuri ya kuhesabu elektroni za nje. Ila swali likisema eleza kwa nini elektroni haianguki, usiandike spidi. Andika kwamba elektroni ina tabia ya wimbi, kuibana karibu na kiini kunapandisha nishati mwendo kwa kasi kuliko nishati tuli inavyoshuka, na chini ya ngazi ya kwanza hakuna ngazi nyingine. Kama nafasi inaruhusu weka na zile namba za pikomita 53 na nusu yake, msahihishaji anayejua fizikia ataelewa umefika mwenyewe.